Mizunguko Mingi, Gundi Nyingi, Neli Mbovu: Kisa cha Roketi za Karatasi

Klabu moja ya vijana wanaorusha roketi ndogo za mfano iliishiwa na neli. Injini walikuwa nazo, zile za kununua zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70. Parachuti zilikuwa zimeshakatwa, mapezi ya mbao nyepesi yamepigwa msasa, pua zimechongwa. Kilichokosekana ni kiwiliwili chenyewe: neli ya karatasi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 24 hivi na urefu wa sentimita 40. Kiongozi wao, mwalimu wa sayansi mwenye subira kubwa na vijana, aliamua waziviringishe wenyewe kwa karatasi ya kaki, na zikipungua waokoteze roli tupu za jikoni na za vitambaa.

Nilipoitwa kuziangalia, meza ilikuwa imejaa neli zilizokauka na karibu zote zilikuwa na kasoro. Nyingi zilipinda. Kadhaa zilikuwa zimeinua ukingo wa nje tangu juu hadi chini, na ukiubana kwa kidole unakaa, ukiuachia unainuka tena. Nyingine hazikuwa duara, zilikuwa yai. Moja iliyoonekana nyoofu kuliko wenzake ilikuwa imesharushwa. Iliondoka kwenye fimbo yake ya kurushia ikiyumba, ikainamia upande mmoja, na ilipofika mwisho wa kupanda, injini ikapuliza gesi ya kuisukuma parachuti kama kawaida, lakini parachuti haikutoka. Ikarudi chini kwa pua. Wote walikuwa wamesimama mbali kama kanuni zinavyotaka, hakuna aliyeguswa. Neli ilijikunja kwa mbele na kuishia hapo.

Mwalimu alikuwa na maelezo yake tayari: karatasi ni dhaifu na gundi ni ya bei rahisi. Tiba aliyoifikiria ni kuongeza mizunguko ya karatasi kutoka 8 hadi 12 na kupaka gundi zaidi. Nilimwomba asubiri, kwa sababu vyote viwili, karatasi na gundi, vilikuwa vizuri kabisa.

Kwanza niseme kwa nini roketi hizi ni za karatasi, maana wapo wanaodhani ni kubana matumizi tu. Roketi ya mfano ya aina hii ilianza na Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika jimbo la Nebraska, Marekani, aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa fataki. Mwaka 1954 alitengeneza roketi nyepesi inayorudi kwa parachuti na kurushwa tena kwa injini mpya. Mwaka 1957 alimtumia vielelezo G. Harry Stine, mhandisi wa roketi aliyekuwa akiandika kuhusu vijana waliokuwa wakiumia kwa kujitengenezea roketi za chuma na baruti za nyumbani. Mchezo wote uliofuata ulijengwa juu ya makubaliano mawili: injini inatoka kiwandani, haichanganywi mezani, na kiwiliwili, pua na mapezi ni vya vitu vyepesi visivyo chuma. Karatasi inapogonga ardhi inajikunja na kumeza kishindo. Ikipasuka, inachanika, hairushi vipande vyenye makali. Ile neli iliyojikunja kwa mbele ilifanya kazi yake ya mwisho vizuri.

Basi tatizo liko wapi? Nilichukua kipande cha kaki kilichobaki, nikakata vipande viwili vyembamba vyenye upana na urefu sawa, kimoja kwa kufuata urefu wa roli na kingine kwa kukatiza. Nikavilaza kimoja juu ya kingine, nikavishika pamoja upande mmoja na kuviacha vining'inie mbele ya mkono. Kilichokatwa kwa kukatiza kililegea na kuinama. Cha urefu wa roli kilibaki kimejikaza. Ukikiweka kile kilegevu juu, vinakaa pamoja, kwa kuwa kigumu kinakibeba. Ukikiweka chini, kinaachana na mwenzake na kuning'inia peke yake. Ni jaribio la dakika moja na halihitaji kifaa chochote zaidi ya mkasi.

Karatasi ya mashine ina mkondo wa nyuzi. Rojo la nyuzi linapomwagwa kwenye wavu unaokimbia, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Ndiyo maana karatasi ya roli ni ngumu zaidi kwa urefu wake kuliko kwa upana, na kwa karatasi nyingi tofauti hiyo ni mara mbili, wakati mwingine hadi tatu. Maji nayo yanafuata kanuni hiyo kinyume: uzi wa karatasi ukilowa hunenepa sana lakini haurefuki sana, kwa hiyo karatasi iliyolowa hutanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Mtu akiyashika mambo haya mawili, karibu kila kasoro iliyokuwa mezani inajieleza.

Vijana walikuwa wamekata kaki kwa namna iliyo rahisi machoni. Roli ilikuwa na upana wa sentimita 40 na neli ilitakiwa iwe na sentimita 40, kwa hiyo waliikunjua, wakapima, wakakata, wakaanza kuviringisha kuanzia ukingo uliokatwa. Kwa njia hiyo nyuzi nyingi zilizunguka neli. Ni chache tu zilizosimama kwa urefu wake.

Nilimuuliza mwalimu kama huo ulikuwa uamuzi au bahati tu. Akaniambia ulikuwa uamuzi, tena wa kusoma: alikuta mahali kwamba neli nzuri za fataki na za maganda ya injini hutengenezwa hivyo, nyuzi zikizunguka, mizunguko mingi, gundi ya kutosha. Naye alisoma sawasawa. Mashine inayotengeneza neli za aina hiyo huvuta karatasi moja kwa moja kutoka kwenye roli yenye upana sawa na urefu wa neli, kwa hiyo nyuzi lazima zizunguke. Na ina maana kufanya hivyo, kwa sababu neli ya namna hiyo ina gesi ndani inayosukuma kutoka katikati. Katika neli yenye ukuta mwembamba na ncha zilizofungwa, mvutano wa kuzunguka ukuta ni mara mbili ya ule wa kufuata urefu. Ndiyo maana mipira ya maji na neli zinazozidiwa na shinikizo hupasuka kwa mstari wa urefu, hazikatiki vipande viwili. Upande unaobeba mzigo mkubwa ndio unaostahili nyuzi ngumu.

Lakini kiwiliwili cha roketi si ganda la injini. Shinikizo lake la ndani ni lile pumzi fupi la kusukuma parachuti, na pua imechomekwa kwa kulegea makusudi ili itoke mapema. Mzigo wake halisi ni mwingine. Injini inasukuma kutoka chini, pua inasukumwa na hewa kutoka juu, mapezi yanaivuta mkia kulia na kushoto, na mikono ya vijana inaibana kila wakati. Kubanwa kwa urefu na kupindwa: hivyo ndivyo vitu kiwiliwili kinavyotakiwa kuvikataa, na vyote viwili vinataka nyuzi zisimame kwa urefu. Klabu ilichukua kanuni nzuri ya kazi moja ikaipeleka kwenye kazi nyingine. Hilo ndilo ninalolishikilia katika kisa hiki kizima, na ndiyo sababu sikukubali hukumu ya kwamba karatasi ilikuwa dhaifu.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya kiwandani hayalisemi kwa kuwa kiwandani halionekani. Karatasi inaviringika kwa urahisi pale mhimili wa kuviringisha unapolala sambamba na nyuzi. Ukiiviringisha kwa kuzikunja nyuzi zenyewe, inapigana, inataka kurudi bapa. Mashine haijali, kwa sababu inavuta karatasi kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho na tabaka haliwezi kuinuka. Viganja viwili vya kijana juu ya meza haviwezi kuvuta hivyo. Ndipo ukingo wa nje unapoinuka, na ndipo mizunguko inapoacha nafasi ndogo ndogo katikati ambazo gundi inajaribu kuziba bila kufaulu.

Sasa maji. Gundi nyeupe ya mbao ni karibu nusu maji inapotoka kwenye chupa. Klabu iliichanganya na maji kiasi kile kile ili ipakike vizuri, kwa hiyo walikuwa wakipaka kitu ambacho robo tatu yake ni maji. Mizunguko 8 kwenye fimbo ya kuviringishia ya milimita 24 inakula karatasi ya urefu wa sentimita 63 hivi. Kwa neli ya sentimita 40 hiyo ni robo ya mita ya mraba, na kwa kaki ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni gramu 20 za karatasi. Tukikadiria gundi gramu 60 kwa kila mita ya mraba, neli moja ilipokea gramu 15 za gundi, ambazo 11 ni maji. Gramu 11 za maji ndani ya gramu 20 za karatasi! Na maji hayo hayana pa kutokea isipokuwa kupenya tabaka moja baada ya jingine hadi nje, au kutoka kwa ndani pale fimbo itakapoondolewa. Tabaka la nje linakauka, linakaza na kusinyaa wakati la katikati bado limelowa na kutanuka. Kwa kuwa nyuzi zilizunguka, kutanuka na kusinyaa karibu kote kulikuwa kwa urefu wa neli. Walizilaza juani, upande mmoja ukipata jua na mwingine ukigusa ubao. Upande wa jua ulisinyaa kwanza na kuwa mfupi, neli ikapinda kuuelekea, gundi ikagandisha umbo hilo. Zile zenye umbo la yai zilifuata sababu ya kawaida zaidi: zililala kwa uzito wao zikiwa bado laini.

Mizunguko 12 na gundi zaidi vingeongeza maji na kuchelewesha kukauka. Dawa ile ingeongeza ugonjwa.

Parachuti iliyokwama ina kisa chake kidogo, na nililipenda fumbo hili kuliko mengine yote. Vijana waliogopa neli isigande kwenye fimbo, hofu ya haki, kwa hiyo waliacha sentimita 12 za mwanzo bila gundi. Fimbo ya milimita 24 ina mzingo wa milimita 75 tu. Karatasi ikishazunguka mara moja inaanza kujilalia yenyewe, na gundi inapaswa kuanza hapo hapo. Kwa kuanza sentimita 12, walibakiza milimita 45 za tabaka la ndani zisizoshikwa na chochote. Hilo ndilo lililokuwa likining'inia. Karatasi iliyoachwa huru ndani ya neli ikasubiri pumzi ya injini, ikainuka na kuibana parachuti ukutani. Ukiiangalia neli hiyo kwa nje huoni kitu. Lazima uichungulie dhidi ya mwanga, ncha zote mbili, na kupitisha ndani yake kijiti kilichofungwa kitambaa ukisikiliza kama kuna kinachokwaruza.

Kuhusu kuyumba, neli iliyopinda pekee ingetosha kueleza. Ila uzito nao ulichangia. Ili roketi iende moja kwa moja, lazima iache fimbo ya kurushia ikiwa na mwendo wa kutosha hewa kuyashika mapezi. Neli ya mizunguko 8, karatasi na gundi iliyokauka, ilikuwa inakaribia gramu 24. Ya mizunguko 3 ingekuwa chini ya 10. Gramu 14 za ziada zinaipunguzia roketi ndogo mwendo huo.

Kwa nini 3? Neli za dukani za ukubwa huu zina ukuta wa theluthi moja tu ya milimita, na zinarushwa na kurudi mara nyingi. Kaki ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.11 au 0.12, kwa hiyo mizunguko 3 inafika hapo hapo. Karatasi inayohitajika ina urefu wa sentimita 23 hivi. Hapa palikuwa na furaha ndogo: ukikata ili nyuzi zisimame kwa urefu wa neli, sentimita 23 zinapimwa kwenye upana wa roli na urefu wa neli unapimwa kwenye urefu wa roli, kwa hiyo neli inaweza kuwa ndefu upendavyo. Njia sahihi iliondoa hata ule mpaka wa sentimita 40 uliokuwa umewabana tangu mwanzo.

Tuliviringisha upya pamoja. Fimbo ilifungwa nailoni nyembamba. Karatasi ilizungushwa kavu kwanza na kuachwa izoee umbo. Gundi haikuchanganywa na maji. Ilipakwa nyembamba kwa kipande cha kadi, ikikwanguliwa hadi karatasi ionekane imelowa tu na si nyeupe, kuanzia alama ya milimita 75. Kisha neli ilisukumwa mezani kwa ubao bapa badala ya viganja, maana ubao unabana urefu wote kwa pamoja na viganja vinabana pale vilipo. Mtu anayetaka muda zaidi wa kurekebisha anaweza kutumia uji wa ngano, unateleza vizuri na kukauka mgumu, ingawa una maji zaidi na mende wanaupenda.

Tahadhari moja ya njia hii. Nyuzi zikisimama, kutanuka kwa maji kunakuwa kwa mzingo, na kukauka kunaupunguza mzingo huo. Neli inaibana fimbo. Ikiachwa juu yake hadi asubuhi haitoki bila kuharibika. Inatolewa mapema, mara gundi inaposhika, kwa kuizungusha na kuivuta polepole, kisha inasimamishwa wima kivulini penye upepo, ikigeuzwa juu chini mara kwa mara. Haijakauka kwa sababu inaonekana kavu. Imekauka uzito wake unapoacha kushuka kwenye mizani, na uzito huo wenyewe utapanda tena kidogo siku ya mvua, kwa kuwa karatasi hunywa unyevu wa hewa. Maabara hupimia karatasi kwenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50 kwa sababu hiyo hiyo.

Zilizobaki ni zile roli za kuokota. Roli za karatasi ya jikoni zilifaa kwa roketi fupi na nene, kipenyo chake cha ndani kikikaribia milimita 40, lakini hazilingani kutoka chapa moja hadi nyingine, kwa hiyo pua na pete za kushikilia injini lazima zipimwe kwa kila roli. Zimeviringishwa kwa mshazari, na mshono wao unajichora juu kama mfereji. Msasa mwepesi na vanishi vinautuliza. Roli za karatasi ya zawadi ni ndefu na nyepesi, nazo ningezichukua kwanza kuliko zote, mradi hazina mbonyeo hata mmoja, kwa sababu neli nyembamba iliyobonyea mara moja itajikunja hapo hapo siku ya kurushwa. Kukinyoosha kibonyeo kwa kidole hakurudishi nyuzi zilizovunjika.

Roli ya kitambaa ndiyo iliyowavutia vijana zaidi, ngumu kiasi cha kukanyagika. Kwa urefu wa sentimita 40 ilikuwa na uzito unaozidi gramu 150. Injini ndogo ya kawaida ya daraja la nguvu la C, ile ya milimita 18, hupendekezwa kwa roketi ambayo uzito wake wote hauzidi gramu 113, injini ikiwa humo humo. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, si tutie injini kubwa zaidi?" Mwalimu akamjibu kwamba kitu kizito na kigumu kinachopaa kitarudi kikiwa bado kizito na kigumu. Jibu hilo lilikuwa zuri kuliko lolote ambalo ningelitoa mimi. Roli ile sasa inahifadhi fimbo za kurushia.

Neli mpya zilitoka nyoofu, isipokuwa moja iliyokaukia karibu na dirisha. Ukingo wa nje umekaa. Lililosalia ni vipimo: neli iliyosinyaa baada ya kutolewa kwenye fimbo ina kipenyo cha ndani kidogo kuliko fimbo yenyewe, na pua zilizochongwa mwanzo sasa zinabana. Nimewashauri wasizipige msasa pua zote kwa mkupuo. Waongeze mzunguko mmoja wa karatasi nyembamba kwenye fimbo, waviringishe neli ya majaribio, wasubiri iache kupoteza uzito, ndipo wachomeke pua na kuigeuza roketi kichwa chini. Pua ikibaki mahali pake kwa roketi nyepesi, lakini ikatoka kwa pumzi la mdomo kutoka upande wa injini, kipimo kimepatikana.